Meza Iliyo Mkabala na Mlango: Mkutubi, Mhakiki na Msomaji wa Bumula

Katika taaluma ya fasihi ya Kiswahili kumejengeka imani, isiyotamkwa lakini inayofuatwa na wengi, kwamba uhakiki hutendeka mahali pawili tu: katika ukumbi wa mihadhara na katika kurasa za majarida ya vyuo vikuu. Mahali pa tatu, ambapo yamkini kazi ya fasihi hukutana na wasomaji wengi zaidi kuliko pale pawili kwa pamoja, hapatajwi kabisa. Hapo ni kwenye meza ndogo iliyo mkabala na mlango wa maktaba ya umma, ambapo mkutubi huvisimamisha vitabu vichache, majalada yakimtazama anayeingia, na pengine huegemeza kadi inayoeleza kwa nini kimoja kati ya vitabu hivyo kinastahili kusomwa. Madhumuni ya makala haya ni kudai kwamba tendo hilo ni uhakiki kamili, wala si pambo la ofisi; kwamba kwa kuliacha tendo hilo bila mwenyewe, taaluma imewaachia watunga mitihani na wafadhili wa ng'ambo kazi ya kuamua nini kisomwe na nani; na kwamba lawama ya hali hiyo inawaangukia wahakiki wa chuo kikuu kabla haijawaangukia wakutubi.

Jina la Bumula limetiwa katika anwani kwa makusudi. Bumula ni eneo bunge katika Kaunti ya Bungoma, nchi ya miwa na mahindi, yenye Kimaeti, Siboti, Khasoko na Kabula. Si rahisi kukutana na jina hilo katika historia za fasihi ya Kiswahili, ambazo kwa desturi huanzia Pate na Lamu, zikateremka Mombasa na Unguja, kisha zikaruka hadi Dar es Salaam na Nairobi kana kwamba katikati hapana watu. Hata hivyo, tangu mfumo wa 8-4-4 uanze mwaka 1985 na Kiswahili kufanywa somo la lazima katika shule za msingi na za upili, kila kijana wa Bumula aliyefika Kidato cha Nne amesoma, au amelazimishwa kusoma, riwaya ya Kiswahili. Kwa idadi, hao ndio wasomaji wakuu wa fasihi hii leo. Swali linalopaswa kuikosesha taaluma usingizi ni hili: wakishatoka katika chumba cha mtihani, nani huwaambia wasome nini?

Ichukuliwe nyumba moja ya Kimaeti yenye mabinti watatu. Wa kwanza alifanya mtihani mwaka 2017. Riwaya yake ilikuwa Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora. Wa pili alifanya mwaka 2022. Yake ilikuwa Chozi la Heri ya Assumpta Matei. Wa tatu alifanya baada ya orodha kubadilishwa tena mwaka 2023. Yake ni Nguu za Jadi ya Clara Momanyi. Ni dada watatu chini ya paa moja, na kila mmoja ana riwaya moja ambayo wenzake hawakuisoma, kwa sababu nakala ya kila mmoja iliuzwa au ilipewa jirani mara tu ilipokoma kutahiniwa. Nyumba hiyo imepitiwa na riwaya tatu na haina fasihi. Hakuna mazungumzo yanayoweza kufanyika mezani baina ya Kidagaa na Chozi, kwa kuwa mtaala haukukusudia mazungumzo hayo, ulikusudia alama. Ni maktaba ya umma pekee inayoweza kuvikalisha vitabu hivyo vitatu pamoja, na inaweza kufanya hivyo ikiwa tu yupo mtu ndani yake anayejiona ana haki ya kusema, "Someni na hiki."

Dhana ya kutoegemea upande

Hoja inayotolewa mara kwa mara dhidi ya mapendekezo ya wakutubi ni kwamba maktaba ya umma haipaswi kuegemea upande wowote. Kazi ya mkutubi, husemwa, ni kupanga, kuhifadhi na kuazimisha, msomaji ajichagulie. Hoja hii ina sura ya unyenyekevu na kwa hiyo hukubaliwa haraka. Inafaa ichunguzwe ilikotoka.

Imetoka, kwanza, katika kumbukumbu ya maktaba zilizochagua kupita kiasi. Maktaba ya ukumbusho ya McMillan mjini Nairobi ilifunguliwa mwaka 1931, na hadi mwaka 1958 ilikuwa ya Wazungu pekee. Hapo uteuzi haukuhusu vitabu; ulihusu macho yatakayovisoma. Mwafrika naye alitengewa mpango mwingine: Shirika la Fasihi la Afrika Mashariki, lililoanzishwa mwaka 1948, lilichapisha vitabu vya kumfaa na kuvisambaza vijijini kwa masanduku. Anayetaka kuelewa jinsi pendekezo linavyoweza kuwa amri yenye tabasamu na alitazame sanduku lile, lililofika likiwa limekwisha kuamua kwamba msomaji wake anahitaji zaidi usafi, kilimo bora na hadithi zisizomchemsha damu.

Pili, na hili ndilo zito zaidi, dhana ya kutoegemea upande ilikuwa ngao. Huduma ya Maktaba za Kitaifa ya Kenya iliundwa kwa sheria ya mwaka 1965 na ikaanza kazi mwaka 1967. Mwaka uliofuata, Desemba 1968, Abdilatif Abdalla alikamatwa kwa sababu ya karatasi iliyouliza Kenya ilikuwa inakwenda wapi, na akakaa gerezani hadi 1972. Mwaka 1977 ulipokuwa unakwisha Ngũgĩ wa Thiong'o aliwekwa kizuizini. Mwaka 1982 ilikuwa zamu ya Alamin Mazrui, mwandishi wa Kilio cha Haki. Mwaka 1986 ilikuwa ya Katama Mkangi. Na mwaka 1987 polisi walipita madukani wakizoa nakala za Matigari. Mkutubi wa wilayani katika miaka hiyo, mwajiriwa wa shirika la serikali, mwenye watoto wanaohitaji karo, alikuwa na sababu ya kutosha ya kutosimamisha kitabu chochote kwenye meza yoyote. Na katika nchi ya Bungoma watu hawakuhitaji kusoma magazeti ili kuijua hatari ya kusema. Dini ya Msambwa ya Elijah Masinde ilipigwa marufuku na wakoloni mwaka 1948, ikaja kupigwa marufuku tena na serikali huru mwaka 1968. Rafu iliyonyamaza ilikuwa rafu salama. Hakuna haja ya kumcheka aliyenyamaza.

Lakini ngao ikishikwa muda mrefu baada ya vita kwisha hugeuka kuwa mzigo, na anayeibeba husahau kwamba iliwahi kuwa na kazi. Sauti ya Dhiki, diwani iliyoandikwa gerezani, ilichapishwa mwaka 1973, na mwaka uliofuata ikapewa Tuzo ya Jomo Kenyatta, iliyokuwa na jina la rais yule yule aliyekuwa madarakani mwandishi alipofungwa. Katiba ya mwaka 2010 imetoa uhuru wa kujieleza kwa maneno ambayo hakimu yeyote anaweza kuyasoma. Leo mkutubi anayekataa kupendekeza Walenisi ya Mkangi hamwogopi askari. Anafuata mazoea, na mazoea hayo hujiita maadili ya kazi.

Zaidi ya hayo, kutoegemea upande ni jambo lisilowezekana. Mfano ulio wazi kabisa unapatikana mbali na Bungoma, kaskazini mashariki ya Kenya. Mwaka 1996 maktaba ya Garissa ilianza kuwapelekea vitabu wafugaji wanaohamahama kwa kutumia ngamia. Ngamia hubeba masanduku, na sanduku lina mwisho. Kila asubuhi ya safari mtu mmoja alipaswa kusimama mbele ya rafu, achukue hiki na kukiacha kile. Hakuna namna ya kumpakia ngamia bila kuegemea upande. Aliyekiacha kitabu amekihakiki, hata kama hakutoa sababu. Na pengine tofauti pekee baina yake na mhakiki wa chuo kikuu ni kwamba uamuzi wake ulikuwa na matokeo. Maktaba iliyokaa mahali pamoja nayo ni ngamia asiyetembea. Rafu iliyo usawa wa macho na ile inayohitaji kuinamiwa, kitabu kinachoonyesha uso na kile kinachoonyesha mgongo: yote hayo ni mapendekezo, isipokuwa kwamba hayana jina la mtu wa kuulizwa.

Pasipo na mtu wa kuulizwa, huwapo nguvu mbili zinazochagua. Ya kwanza ni mtihani, uliokwisha kujadiliwa. Ya pili ni hisani. Vitabu vya msaada kutoka Uingereza na Marekani huingia katika maktaba za Afrika Mashariki kwa maboksi, na shirika linalojulikana zaidi katika kazi hiyo, lililoanzishwa na Lady Ranfurly mwaka 1954 na linaloitwa Book Aid International tangu mwaka 1994, limesaidia maktaba nyingi ambazo bila hivyo zingekuwa na rafu tupu. Shukrani ni haki yake. Lakini kitabu cha msaada kina sifa moja ambayo kitabu cha Kiswahili kilichonunuliwa kwa bajeti ya kaunti hukikosa: hufika kikiwa kipya, kwa wingi, na jalada linalong'aa. Kwa hiyo, mkutubi asipochagua, chenye kung'aa ndicho husimama mbele. Mtoto wa Siboti hukutana na theluji kabla hajakutana na Mlima Elgon, na hakuna mtu aliyekusudia hivyo.

Mdudu ana maelezo, riwaya ina namba

Mjini Kitale, mwendo usio mrefu kutoka Bungoma, ipo taasisi inayoweza kuwafundisha wakutubi na wahakiki jambo moja. Mwaka 1926 Luteni Kanali Hugh Stoneham, mlowezi na mkusanyaji asiyechoka, alianzisha jumba lake la makumbusho katika wilaya ya Trans Nzoia. Alikusanya wadudu, ndege, vyombo vya wenyeji, na vitabu. Baada ya kifo chake mikusanyo hiyo ilirithiwa na taifa, na mwaka 1974 jengo jipya likafunguliwa kama makumbusho ya magharibi ya Kenya. Nia za Stoneham zinaweza kujadiliwa; mlowezi anayekusanya vitu vya watu ambao ardhi yao imechukuliwa si mtu wa kusifiwa bila kufikiri. Ila desturi ya makumbusho haina ubishi: kitu kikiwekwa mbele ya umma, huwekewa maelezo. Kipepeo aliyekufa ana kibandiko kinachosema yeye ni nani, alipatikana wapi, na lini. Anayeandika kibandiko kile hujua kwamba mtazamaji hatajua lolote asipoambiwa, na haoni aibu kumwambia.

Katika maktaba ya umma, riwaya hupata namba. Mfumo wa Dewey, uliochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1876, huipa fasihi ya Kiingereza eneo zima la 820, huku fasihi ya Kiswahili ikibanwa baada ya nukta katika 896.392, ndani ya chumba cha mwisho chenye fasihi za lugha zilizosalia duniani. Msomaji anayeingia bila kujua anachokitafuta hana sababu ya kufika huko. Hata akifika, mgongo wa kitabu utamwambia jina la mtunzi na tarakimu saba. Kipepeo wa Stoneham amepata heshima kubwa kuliko Euphrase Kezilahabi.

Si kwamba fani ya ukutubi haikulifikiria jambo hili. Mwaka ule ule wa 1931 McMillan ilipofunguliwa kwa ajili ya wachache, S. R. Ranganathan alichapisha mjini Madras kanuni zake tano za maktaba. Ya pili inadai kwamba kila msomaji ana kitabu chake. Ya tatu inageuza upande na kudai kwamba kila kitabu kina msomaji wake, na kwa hiyo maktaba ina wajibu wa kwenda kumtafuta. Wanafunzi wa ukutubi hukaririshwa kanuni hizo mpaka leo. Ile ya tatu ndiyo hukaririwa na kuachwa, labda kwa sababu inamdai mkutubi awe amekisoma kitabu.

Ni sharti pia itofautishwe meza yenye hoja na meza yenye mapambo. Maonyesho mengi ya vitabu hufuata kalenda: siku ya wanawake, siku ya mazingira, wiki ya kusoma. Hukusanywa kila kitabu chenye neno linalohusika kwenye jalada, hupigwa picha, mgeni rasmi akahutubia, vitabu vikarudishwa. Hayo si maonyesho ya fasihi. Maonyesho ya fasihi huanza na swali ambalo haliwezi kujibiwa bila kusoma. Viwekwe, kwa mfano, vitabu viwili tu pamoja: Rosa Mistika ya Kezilahabi ya mwaka 1971, ambayo awali ilizuiwa katika shule za Tanzania, na Utengano ya Said Ahmed Mohamed ya mwaka 1980, ambayo kinyume chake ilikuja kutahiniwa katika shule za Kenya. Katika zote mbili yupo baba anayemfungia binti, na katika zote mbili binti anaponyoka na kuangamia au kukaribia kuangamia. Kadi moja iulize: kwa nini adhabu ya kosa la baba humwangukia binti, na je, mwandishi anailaumu adhabu hiyo au anaitekeleza? Mwalimu wa chuo kikuu angehitaji muhula mzima kulifikisha swali hilo kwa wanafunzi arobaini. Meza inalifikisha kwa kila anayeingia kukwepa jua. Na yule dada wa kwanza wa Kimaeti, ambaye alijifunza katika Kidagaa kuorodhesha "wahusika na sifa zao", angeona kwa mara ya kwanza kwamba riwaya mbili zinaweza kubishana.

Kuhusu nchi yenyewe, upungufu unashangaza zaidi. Ken Walibora, aliyefariki mwaka 2020, alizaliwa Bungoma na kukulia Trans Nzoia. Siku Njema, riwaya yake ya mwaka 1996, inamchukua kijana Kongowea Mswahili kutoka Tanga na kumfikisha Kitale akimtafuta baba. Ni mojawapo ya riwaya chache za Kiswahili ambazo ndani yake bara la magharibi ndilo kusudio la safari, na pwani ndiyo mahali pa kuondokea. Dira yote ya fasihi hii imegeuzwa. Tawasifu yake, Nasikia Sauti ya Mama ya mwaka 2014, inaeleza utoto katika nchi hiyo hiyo. Maktaba za eneo hili, zile za Kimilili na Namanjalala zikiwamo, zina hapo maonyesho ya kudumu yasiyohitaji mfadhili: vitabu viwili, ramani moja, na kadi. Ile makumbusho ya Kitale ingeweza kuazimwa kitu kimoja cha nyumbani cha zama hizo kikawekwa kando. Gharama yake ni ndogo kuliko ile ya soda za mgeni rasmi.

Dharau ya wasomi

Ikiwa jambo ni rahisi kiasi hicho, kwa nini halifanyiki? Wakutubi wanaweza kulaumiwa kwa mazoea, na kaunti kwa ubahili. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliziweka maktaba chini ya serikali za kaunti, katika orodha moja na kamari, leseni za vileo, sinema na maonyesho ya video. Na anayesoma bajeti za kaunti kwa macho makavu atakisia ni kipi katika orodha hiyo huingiza fedha na kipi huzitoa. Lakini tatizo kubwa liko kwingine. Mkutubi hana mahali pa kuegemea. Akitaka kuandika kadi kuhusu Nagona ya Kezilahabi ya mwaka 1990, atapata makala chungu nzima za kitaaluma kuihusu, na hatapata hata sentensi moja ambayo msomaji wa Bumula anaweza kuitumia. Atajifunza kwamba riwaya hiyo ina udhanaishi, uhalisia wa kimazingaombwe na mwingilianomatini. Hataambiwa kama aianze jioni au asubuhi.

Wahakiki wa Kiswahili wamebishana tangu miaka ya 1970 kuhusu vina na mizani, na ubishi huo umezaa vitabu, makongamano na uadui wa kudumu. Ni wachache miongoni mwao waliouliza ni watu wangapi nje ya ukumbi waliokuwa wameyasoma mashairi yenyewe. Kwa watu waliolelewa katika utamaduni huo, kadi ya maneno sitini ni jambo duni. "Huo si uhakiki," husemwa, "ni utangazaji wa bidhaa." Dharau hii ingekuwa na uzito kama wanaoitoa wangekuwa wamejitenga na soko. Ilivyo, baadhi yao ndio waandishi wa miongozo, vile vijitabu vya mitihani vinavyomwambia mwanafunzi dhamira ni zipi, mhusika fulani ana sifa sita, na swali litakalotoka hujibiwa hivi. Mwongozo huchukua nafasi ya riwaya. Kadi ya mkutubi humrudisha msomaji kwenye riwaya. Msomi anayetia sahihi mwongozo na kuionea haya kadi amekosea mahali pa kuona haya.

Husemwa vilevile kwamba wakutubi hawakufunzwa fasihi. Ni kweli kwa wengi, na ni hoja ya kuwafunza, si ya kuwanyamazisha. Husemwa pia kwamba vijana huenda maktaba kusoma madaftari yao wenyewe, wakitumia kiti na utulivu tu. Kweli tena. Lakini kijana anayekaa saa nne hatua tano kutoka kwenye meza, akichoka kukariri, hunyanyua kichwa. Atakachokiona wakati huo ndicho kinachojadiliwa hapa.

Kadi na sahihi

Kadi haiwezi kutetewa kwa ujumla. Kadi nyingi zinazoandikwa ni mbaya. Kadi inayosema kwamba riwaya "ina mafunzo mengi kwa jamii" haijasema lolote, kwa kuwa hata ilani ya chanjo ina mafunzo kwa jamii. Kadi inayofupisha kisa imemwibia msomaji. Kadi inayotaja tuzo imehamisha wajibu. Kadi nzuri humkamata msomaji mahali alipo na kumwambia kitabu kitamfanya nini. Kuhusu Siku Njema inaweza kusema: "Kama umewahi kushuka garini Kitale bila kumjua mtu, kijana wa kitabu hiki anakujua. Anamtafuta baba ambaye hana hakika kama anataka kupatikana." Kuhusu Nagona inaweza kusema: "Usitafute kisa. Soma kurasa kumi za mwanzo kwa sauti. Ukishindwa, kirudishe bila aibu, uje tena baada ya mwaka." Hakuna istilahi hata moja katika kadi hizo, na hakuna hata moja inayoweza kuandikwa na mtu ambaye hakukisoma kitabu. Hicho ndicho kipimo ambacho makala nyingi za kitaaluma hazingekipita.

La muhimu zaidi ni sahihi. Pendekezo lisilo na jina ni tangazo la serikali. Babukusu wanalijua jambo hili kutoka katika sanaa yao wenyewe. Mzee anayetoa kumuse baada ya mazishi husimama mbele ya umma na kusimulia historia ya jamii, akiwaasa walio hai. Huchagua la kusema na la kuacha, na kila mtu pale uwanjani anajua ni nani aliyechagua. Akikosea nasaba ya mtu, wenye nasaba wapo. Hakuna msikilizaji anayemtaka mzee huyo asiegemee upande. Wanamtaka awe anajua, na awe tayari kuonekana usoni. Ajabu ni kwamba taasisi iliyojengwa katikati ya watu wenye mila hiyo ya usemi ilichukua kutoka mbali desturi ya kutosema lolote, ikaiona ndiyo ustaarabu.

Idara za Kiswahili zinaweza kuanza bila kungoja kaunti. Bungoma yenyewe ina Chuo Kikuu cha Kibabii, kilichopata hati yake mwaka 2015, na vyuo vingine vya magharibi haviko mbali. Kila mwanafunzi wa uzamili wa fasihi atakiwe, kabla ya kuruhusiwa kuandika sura ya kwanza ya tasnifu, kuandika kadi moja ya maneno yasiyozidi sitini kuhusu kitabu anachokitafiti, na kadi hiyo iwekwe katika maktaba ya umma pamoja na nakala ya kitabu. Irudiwe baada ya miezi mitatu kuona kama kitabu kiliazimwa. Anayeshindwa kuiandika aelezwe kwa upole kwamba bado hajajua kwa nini anakitafiti. Msimamizi wake naye aandike ya kwake, na hapo itaonekana ni nani hasa aliyekuwa akijificha nyuma ya nadharia.

Kadi hizo ziandikwe kwa mkono. Mwandiko wa mtu humfanya msomaji asimame kuliko herufi za mashine. Ya kwanza katika meza ya Bungoma iwe ya kitabu ambacho hakijapata kutahiniwa kamwe. Chini yake liwepo jina la aliyeiandika, na siku anazopatikana kaunta, ili msomaji wa Kimaeti aliyekiazima kitabu, akakisoma usiku kucha na kukichukia, ajue pa kumpata.